Ukuta ni wa Landilodi, Maua ni Yako: Venye Unaweza Kupamba Keja na Maua ya Udongo

Wasee wa kukodi tunajuana. Ukuta wa keja ni krimu, na hiyo krimu ilipakwa kabla hujafika. Keateka alishakuonya kuhusu misumari siku ile ulichukua funguo. Dipositi iko kwa landilodi, na kila shimo kwa ukuta ni sababu ya kukatwa. Matokeo? Unaishi kwa nyumba miaka mitatu na bado inakaa ni kama ulihamia jana. Ukipigiwa vidio kol unazunguka na simu ukitafuta ile kona moja iko na afadhali.

Rangi mpya ingesaidia. Wolpepa pia. Lakini piga hesabu vizuri. Siku ukihama, rangi inabaki, wolpepa inabaki, na doo yako inabaki pamoja nazo. Umempambia landilodi nyumba bure, na tenanti anayekuja anaweza hata kuongezewa renti juu ya jasho lako.

Hapo ndipo maua ya udongo yanaingia. Yale yametengenezwa kwa mkono, yakachomwa, yakatiwa rangi na kupangwa ukutani kama bustani imesimama wima. Ukiyaona Pinterest unaweza kudhani ni mambo ya Runda na Kitisuru peke yake. Zii. Ni udongo, maji, mikono yako na moto. Na siku ya kuhama yanashuka ukutani, yanafungwa kwa gazeti, mnaenda na wao.

Mimi chuo niliachia njiani, kwa hivyo kama hii sayansi imeniingia, wewe pia itakuingia. Twende polepole: kauri ni nini, unaitengeneza aje, moto utatoa wapi kama huna tanuri, na venye utaitundika bila kugombana na mtu.

Kauri ni nini kwani?

Kauri ni udongo uliochomwa mpaka ukakataa kurudi kuwa matope. Hiyo ndiyo maana yote.

Udongo wa mfinyanzi huwa na maji aina mbili. Kuna maji ya kawaida, yale yanaufanya uwe laini. Hayo yanatoka ukianika tu. Halafu kuna maji yaliyojifunga ndani ya udongo wenyewe kikemia, na hayo hayatoki kwa jua hata ukianika mwaka mzima. Yanatoka kwa moto, kati ya digrii 350 na 600 hivi. Ndio maana ua lililokauka tu, hata kama linakaa gumu, ukilitumbukiza kwa ndoo ya maji linalegea na kurudi matope. Lakini likishapita huo moto, hata likae kwa maji wiki nzima, litabaki ua.

Studio nyingi huchoma mara ya kwanza karibu digrii 1,000. Udongo mwekundu wa kawaida, ule wa nyungu na vigae, huishia kati ya digrii 1,000 na 1,150. Ule mgumu zaidi, wa vikombe na sahani nzito, hupanda mpaka kati ya digrii 1,200 na 1,300. Shika hizo namba, tutazihitaji huko mbele.

Kwa nini ujisumbue na haya yote? Juu onlaini kuna watu wanakuuzia plasta au rezini wakiiita kauri, kwa bei ya kauri. Jipime hivi: geuza ua, tafuta mahali hapajapakwa rangi huko nyuma, kwaruza na ukucha. Plasta inakwaruzika, unabaki na unga mweupe kwa kidole. Kauri haishughuliki na ukucha wako. Halafu gonga kidogo na kijiko. Kauri nzima inalia kama kikombe. Plasta inatoa sauti imekufa.

Hii si mambo ya majuu

Kuna msee atasema hizi ni tabia za watu wa ng'ambo. Mwambie aende Lamu, mji ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka wa 2001. Kwa nyumba za zamani za mawe, kuta za ndani ziko na zidaka, yaani safu za vishubaka vilivyochongwa kwa plasta ya chokaa, na wenye nyumba walikuwa wakipanga humo sahani na bakuli za kauri kutoka China. Mambrui, juu kidogo ya Malindi, kuna kaburi la mnara ambalo lilipachikwa bakuli za kauri za China. Watu wa Pwani walikuwa wanapamba kuta na kauri karne nyingi kabla intaneti ifike.

Upande wa kutengeneza, ukipita barabara ya Kisumu kuenda Kakamega utapita Ilesi. Vyungu vimepangwa kando ya barabara, vya maji, vya kupikia, vya maua, vimejengwa kwa mkono bila lile gurudumu la mfinyanzi unaona kwa filamu. Pale Karen nako kuna Kazuri, ambayo tangu 1975 inatengeneza shanga za kauri kwa mkono, na wafanyakazi wengi ni akina mama.

Na ukitaka jina kubwa, cheki Magdalene Odundo. Alizaliwa Nairobi mwaka wa 1950, akaenda Uingereza miaka ya sabini mwanzoni, na leo vyungu vyake viko British Museum. Havina glezi. Anajenga kwa mkono, anasugua mpaka ving'ae, na ile rangi nyeusi anaipata kwa kuchoma mahali hewa imebanwa. Mwaka wa 2020 Uingereza ilimpa cheo cha Dame. Huyo ni mtoto wa Nairobi na udongo.

Maua yenyewe pia yana historia. Mwaka wa 2014, London, msanii Paul Cummins na timu yake walitengeneza maua mekundu ya kauri 888,246, wakayasimamisha kuzunguka ngome ya Tower of London. Kila ua lilikuwa la mwanajeshi mmoja wa Uingereza au makoloni yake aliyekufa kwa Vita vya Kwanza vya Dunia. Baadaye yaliuzwa pauni 25 kila moja. Ua moja la udongo ni kitu kidogo. Yakiwa mengi pamoja ndiyo yanaongea.

Anza na maua unayajua

Watu wengi wanakimbilia rosi. Wacha kwanza. Rosi ziko na petali nyingi zimejikunja, na petali nyingi ni sehemu nyingi za kupasuka. Hapa Kenya tumezungukwa na maua rahisi zaidi, na yatafanya ukuta wako ukae wa hapa, si wa katalogi ya mtu.

Bogonvilia ndiyo ya kuanza nayo. Ile rangi unaona kwa ua wa jirani si petali, ni majani matatu yamezunguka viua vidogo vyeupe katikati. Majani matatu tu! Ukikata maumbo matatu kama machozi, ukayakunja kidogo katikati na kuyashikanisha, umemaliza.

Pareto pia iko sawa. Ni mduara wa njano katikati na petali nyembamba nyeupe kando. Ukienda nyanda za juu utaona shamba zake. Ukutani inakaa safi sana ikiwa kwa kikundi.

Ukishazoea, jaribu jakaranda, ile inafanya Nairobi iwe zambarau kuanzia Septemba hivi. Hiyo ina umbo la kengele yenye midomo mitano. Halafu nandi flemu ya rangi ya machungwa iliyoiva. Rosi ije mwisho, ukiwa na mkono mzuri.

Kutengeneza, hatua kwa hatua

Vifaa vingi viko kwa keja yako tayari: fimbo ya kusukuma chapati, kisu kidogo, uma, kijiko, glasi, sifongo na gazeti. Tafuta pia kitambaa kizito cha kufanyia kazi juu yake ili udongo usishike meza, na mbao mbili nyembamba za unene wa milimita 5. Udongo nunua kwa studio ya ufinyanzi au kwa wafinyanzi wenyewe, na uliza unachomwa digrii ngapi. Kilo 5 zinaweza kukupa kama maua 20 ya saizi ya kiganja. Weka unaobaki kwa ndoo yenye kifuniko ili usikauke, maana mifuko ya plastiki tuliagana nayo mwaka wa 2017.

1. Kanda. Kama chapati, lakini kwa nguvu zaidi. Kata bonge katikati, ligonge pamoja, kanda tena. Unatoa hewa na kufanya udongo wote uwe na unyevu sawa.

2. Sukuma. Weka udongo katikati ya zile mbao mbili, fimbo ipite juu ya mbao. Hapo unene wote unatoka milimita 5 bila kukisia. Unene ukiwa tofauti, sehemu moja inakauka kabla ya nyingine, na hapo ndipo nyufa huanza.

3. Kata. Mdomo wa glasi unakata kitako cha mduara. Petali kata na kisu, ukitumia karatasi uliyochora kama mfano. Ukingo wa petali ubonyeze na vidole uwe mwembamba, lakini kule chini inaposhikana na kitako uache nene.

4. Pinda. Laza petali ndani ya kijiko au juu ya gazeti lililokunjwa, ziache mpaka ziwe ngumu kiasi, kama jibini. Zikiwa laini sana zitaanguka. Zikikauka sana hazitashika.

5. Unganisha. Hapa ndipo wengi wanabebwa na maji. Usibandike tu petali ukitumaini. Kwaruza pande zote mbili na uma, paka uji wa udongo, yaani udongo uliokorogwa na maji mpaka ukawa mzito, halafu bonyeza na utikise kidogo mpaka uhisi imeshika. Bila kukwaruza, petali zinaanguka moja moja udongo ukikauka.

6. Toboa. Toboa mashimo mawili kwa kitako saa hii, ukiwa bado laini. Weka juu kidogo ya katikati ili ua lisiiname mbele likitundikwa. Na kumbuka udongo unanywea, mara nyingi kama asilimia 10 hadi 12 mpaka umalize kuchomwa. Ua la sentimita 10 litatoka karibu 9, na shimo nalo litapungua. Toboa kubwa kuliko unavyohitaji.

7. Kausha polepole. Funika na gazeti, weka mbali na dirisha na jua, geuza kila siku. Ipe wiki moja hadi mbili. Kujua kama limekauka, ligusishe shavu lako. Likiwa baridi, bado lina maji.

Usilazimishe hiyo hatua ya mwisho. Watu husema ua limelipuka kwa tanuri juu ya hewa. Kinacholipua ni mvuke. Maji yaliyobaki ndani yanachemka, yanageuka mvuke, mvuke unatafuta njia, ukikosa unajitengenezea. Kwa Nairobi, juu tuko mwinuko wa mita 1,700 na zaidi, maji huchemka karibu digrii 94, si 100. Mwenye tanuri mzuri ataacha vitu vipashwe moto chini ya hapo kwa masaa kadhaa kabla apandishe.

Kitu kingine, ukitaka kulainisha ua lililokauka, tumia sifongo iliyolowa maji kidogo. Usisugue na msasa ndani ya keja. Vumbi la udongo lina silika, na silika kwa mapafu haitoki. Wewe ndio unalala hapo.

Moto utatoa wapi?

Hii ndiyo swali inafanya watu wawache. Njia ziko tatu.

Ya kwanza, tanuri ya studio. Nairobi ina studio za ufinyanzi zinazochomea watu, na vyuo vyenye idara ya sanaa huwa na tanuri pia. Kawaida unalipia nafasi unayochukua au uzito. Kabla uache kitu chako, uliza maswali matatu: mnachoma digrii ngapi, mnachaji kwa nini, na kikivunjika ni cha nani? Hilo la kwanza ni la maana kuliko yote. Udongo wa digrii 1,050 ukiingizwa kwa moto wa digrii 1,250 unalegea na hata kuyeyuka juu ya rafu. Hapo umepoteza maua na unadaiwa rafu.

Ya pili, wafinyanzi wa ocha. Kama kwenu ni Magharibi, Nyanza au Ukambani, kuna uwezekano mama fulani karibu na huko bado anachoma vyungu vyake kwa kuni na nyasi, nje, bila tanuri. Moto huo hufika kati ya digrii 600 na 900 hivi, na unatosha kufanya udongo uwe kauri. Lakini unapanda haraka na upepo unaugeuza, kwa hivyo petali nyembamba zitapasuka. Tumia udongo wa huko huko, wenye mchanga au chenga za vyungu vilivyosagwa, na fanya petali ziwe nene. Mlipe mama, usimwombe fevha. Utapata maua yenye madoa meusi ya moshi ambayo hakuna rangi ya duka inaweza kuiga.

Ya tatu, bila moto kabisa. Chukua kikombe kimoja cha gundi nyeupe ya mbao na kikombe kimoja cha wanga laini wa mahindi, ule mweupe wa kufanya supu iwe nzito, si unga wa ugali. Ongeza vijiko viwili vya mafuta na kijiko kimoja cha siki. Koroga kwa moto mdogo mpaka ijikusanye kama bonge la ugali, ipoe, ukande. Sufuria hiyo sasa ni ya kazi hiyo, usirudishe kwa githeri. Unga huu unaumbika vizuri na unakauka wenyewe siku mbili tatu. Sitakudanganya, hii si kauri. Ikipata maji inalegea, na ukiuza usiiite kauri. Lakini kwa ukuta mkavu, na kwa mkono unaojifunza, inafanya kazi.

Njia ya nne haipo. Nasema hivi juu kuna mtu tayari anaangalia jiko lake la makaa. Jiko halitachoma sawasawa, ua litapasuka, na hilo ndilo tatizo dogo. Kubwa ni kwamba makaa ndani ya nyumba iliyofungwa yanatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na imeua watu wengi Kenya wakiwa wamelala. Hakuna ua lina thamani hiyo.

Rangi: glezi au ya chupa?

Glezi ni unga wa madini ambayo yakiyeyuka kwa moto yanakuwa kioo juu ya udongo. Inang'aa, haififii, na inafutika vumbi kirahisi. Lakini inataka kuchomwa mara ya pili, na hiyo ni doo nyingine. Ukitumia glezi, usipake nyuma ya ua, la sivyo litashikana na rafu ya tanuri. Na nunua glezi isiyo na risasi, ule madini wa sumu, hata kama hautalia kwa hilo ua. Mikono yako itaigusa.

Mtu wa bajeti ana njia ya mkato, nayo ni halali. Choma mara moja tu, halafu paka rangi ya akriliki ya chupa. Kwa kikombe hiyo ingekuwa makosa. Kwa ukuta, nani atakunywa ua? Paka tabaka mbili nyembamba na uache zikauke.

Na usidharau kuacha bila rangi. Udongo mwekundu umepata hiyo rangi kwa chuma kilicho ndani yake, na juu ya ukuta wa krimu unawaka vizuri kuliko unavyofikiria.

Kutundika bila kupoteza dipositi

Kabla ya yote, piga picha za kuta zako. Halafu mtumie landilodi au keateka meseji: "Naomba kuweka misumari miwili sebuleni, nitaziba nikihama." Meseji, si mdomo. Mdomo husahaulika siku ya kurudishiwa dipositi.

Sasa kuna njia za kuweka, kuanzia ile haiachi alama.

Kamba kwa fimbo ya pazia. Funga maua kwa kamba ya mkonge, moja juu ya lingine, matano au sita, halafu ning'iniza kwa fimbo ya pazia iliyo hapo tayari. Mashimo kwa ukuta ni sufuri. Hakikisha tu fimbo iko imara na watoto hawafiki.

Ubao mmoja. Hii ndiyo naona inamfaa tenanti kuliko zote. Mwambie fundi akukatie plaiwudi ya sentimita 60 kwa 60, ipake rangi, toboa ubao na ufunge kila ua na waya kupitia yale mashimo mawili. Maua 15 ya gramu 150 ni kilo 2 na robo. Ukiongeza ubao unafika kama kilo 4. Hiyo inabebwa na skrubu mbili. Kwa hivyo badala ya mashimo 15 kwa ukuta wa mtu, una mawili, na ukihama unabeba bustani nzima kwa kwapa.

Moja moja ukutani. Inakaa poa kuliko zote, lakini ndiyo ina mashimo mengi. Ploti nyingi za Nairobi ni mawe yaliyopigwa plasta ya simiti na mchanga. Msumari wa kawaida ukilazimishwa hapo unapinda na kubandua plasta kipande saizi ya mkono. Azima drili, tumia biti ya ukuta ya milimita 6, weka kile kiplastiki cha kushikilia skrubu. Shimo linatoka dogo na safi. Kuliziba ni fila kidogo na rangi. Usitoboe juu au chini ya swichi na soketi kwa mstari wa wima, maana waya za stima hupita humo.

Na zile stika za gundi? Soma uzito ulioandikwa kwa pakiti, halafu ujue kitu kimoja: gundi haishiki ukuta, inashika rangi. Kwa rangi ya mafuta inajaribu. Kwa rangi ya maji ya bei ya chini, ile inakuachia unga kwa shati ukiegemea, usiku wa manane utasikia kishindo.

Kupanga yakae vizuri

Panga kwanza sakafuni. Tandika magazeti saizi ya nafasi ya ukuta, cheza na maua mpaka uridhike, halafu piga picha kutoka juu. Hiyo picha ndiyo ramani yako.

Anza na makubwa, kisha wadogo wazunguke. Usiyapange kwa mistari kama viti vya kanisa. Yaache yakusanyike upande mmoja na kutawanyika upande wa pili, kama yanapeperushwa. Katikati ya kikundi iwe kimo cha macho, kama sentimita 150 kutoka chini. Na acha ukuta mtupu kando, juu macho pia yanahitaji kupumzika.

Ukiweza, chagua ukuta ambao mwanga wa dirisha unaupiga kwa upande. Petali zinatupa kivuli, na kivuli kinasonga na jua. Asubuhi ukuta unakaa hivi, jioni vile. Picha ya fremu haiwezi hiyo.

Mahali pa kuepuka ni pawili. Juu ya kitanda, kwa sababu unajua. Na karibu na jiko, juu mafuta ya kupika yakishikana na vumbi yanakuwa gamu. Kwa bedsita hapo kuchagua ni kugumu, lakini ukuta ulio mbali na meko upo. Kusafisha ni brashi laini ya rangi, kavu, mara moja kwa mwezi.

Na hii inaweza kuwa hasla?

Inaweza, ukipiga hesabu ya ukweli. Tuseme umetengeneza maua 20. Mawili yamepasuka yakikauka, moja limevunjika kwa moto. Umebaki na 17. Udongo, kuchoma, rangi na fare ya yote 20 unagawanya kwa 17, si kwa 20. Halafu ongeza masaa yako, kwa bei ambayo ungelipa mtu mwingine akufanyie. Ukiona watu hawanunui kwa hiyo bei, punguza kazi ndani ya ua, usipunguze malipo yako. Bogonvilia ya petali tatu inaweza kukulipa vizuri kuliko rosi ya petali ishirini. Na usiuze ya kwanza. Yaweke kwako, uone kama yanashika miezi mitatu.

Siku ya kuhama

Itafika. Renti itapanda, au utapata kazi upande mwingine wa mji, au utachoka tu na maji ya kuja Jumanne peke yake. Funga kila ua kwa gazeti, jaza nafasi za katoni na tisheti zako za mtumba, andika juu kwa maka kwamba ni vitu vya kuvunjika. Hiyo katoni usiitupe nyuma ya pikapu na godoro. Ikae kwa mapaja yako, mbele na dereva.

Ziba mashimo yako mawili, paka rangi, piga picha, rudisha funguo, dai dipositi yako. Ukuta wa krimu umwachie mwenyewe. Kule unaenda kuna ukuta mwingine wa krimu unakungoja, na hii mara unaingia na bustani yako mkononi.